Kofia ya chuma ya babu: namna ya kuitambua na kuipangia bei kabla haijapanda mizani ya skrepa

Kofia ya kwanza ya vita niliyoinunua niliikuta Ng'ambo, hapa Tabora mjini, uani kwa mzee mmoja. Ilikuwa imefukiwa nusu ardhini, kuku wanaitumia kunywea maji. "Hiyo ya Mjerumani, mwanangu," mzee akaniambia, "ya vita ya hapa hapa Tabora." Nikalipa bei ya Mjerumani. Nyumbani nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, nikaiweka dirishani. Karibu mwaka ulipita ndipo nikagundua nimekosea mara mbili: haikuwa ya Mjerumani, na msasa wangu ulikuwa umekula sehemu kubwa ya thamani yake.

Mimi ni mtu wa vyuma chakavu. Kofia hizi hunijia ndani ya gunia moja na majembe yaliyokufa na rimu za baiskeli, na aliyezileta anataka zipimwe kilo. Kofia moja ina uzito wa kilo moja hivi, kwa hiyo kwa mizani ya skrepa haifikii hata bei ya chips mayai. Ndiyo maana nyingi zimeshayeyushwa. Zilizobaki huja zimebeba hadithi, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza: wanaanza na hadithi. Anza na chuma. Hadithi isikilize mwishoni.

Kwanza, usijitie matatani

Kama kofia inafanana na za jeshi la leo, yaani nyepesi, si ya chuma bali ya nyuzi ngumu zilizogandishwa, au ina kitambaa cha mabakabaka, usiinunue, usiifiche, usiipige picha ya kurusha mtandaoni. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi, na si jambo la kufanyia utani. Kofia ya aina hiyo ipeleke kituo cha polisi. Ukiwa Kigoma ongeza tahadhari, maana vitu huvuka ziwa kutoka Congo na huwezi kujua jana vilikuwa kichwani mwa nani. Hata zile kuukuu kabisa mimi huwa namwonyesha mwenyekiti wa mtaa kwanza, kisha polisi, wanaandika kwenye kitabu. Inachukua asubuhi moja tu.

La pili ni ardhi. Mtu akikuambia kofia imechimbuliwa shambani, muulize nini kingine kilikuwepo. Chuma cha mviringo chenye kutu, mfano wa chupa au nanasi, kisiguswe, kisigongwe, kisiletwe kwangu. Ondoka hapo, wazuie watoto, piga 112. Ukikuta mifupa, simama hapo hapo, nayo ni ya kuripoti.

La tatu watu wengi hawalijui. Kofia za Kiingereza za Vita Kuu ya Kwanza, zile za sahani, zinaweza kuwa na asbestosi kwenye bitana ya ndani. Vumbi lake huharibu mapafu. Kwa hiyo usikung'ute bitana iliyochakaa, usiipige brashi, usiinuse kwa karibu. Ilowanishe kidogo kwa kitambaa chenye maji, piga picha, kisha iache.

Swali la kila mteja: ni ya vita vya Tabora?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotea.

Wabelgiji waliichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916. Wajerumani walikuwa wameshaizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, ambayo baadaye iliibuliwa na kuwa Liemba yetu. Tabora ilianguka 19 Septemba 1916. Sasa angalia upande wa pili: kofia ya chuma ya Kijerumani, ile inayoshuka masikioni na shingoni, ilianza kugawiwa kwa wingi mwanzoni mwa 1916, kule Verdun, Ufaransa. Koloni hili lilikuwa limezingirwa na manowari za Waingereza. Meli ya mwisho ya mizigo ya Wajerumani iliyofanikiwa kupenya, Marie, ilitia nanga Sudi, pwani ya kusini, Machi 1916. Mwaka uliofuata, Novemba 1917, walijaribu kuleta vifaa kwa ndege kubwa ya gesi, L 59, ikageuzwa ikiwa juu ya anga la Sudan.

Kwa hiyo askari waliopigana hapa hawakuvaa chuma. Askari weusi wa Mjerumani walivaa tarbushi yenye kitambaa cha khaki kinachofunika shingo. Wazungu wao walivaa kofia za jua zilizotengenezwa kwa kizibo na kufunikwa nguo, au kofia za pama. Mtu akikuletea kofia ya chuma na kukuapia kwamba babu yake aliiokota 1916 mlimani nyuma ya Boma, si lazima awe mwongo. Huenda babu alikuwa mtoto, huenda vita viwili vimeungana katika simulizi moja. Lakini usilipe bei ya 1916.

Ukiletewa kofia ya jua, hapo amka. Hizo ndizo zinazoweza kuwa za wakati ule, na mchwa wa Unyamwezi wamezila karibu zote. Tatizo ni kwamba kofia za jua zilivaliwa pia na mabwana shamba, wamisionari na maofisa wa reli hadi miaka ya 1950. Ya jeshi huitambua kwa tundu au alama ya beji mbele, mhuri wa mtengenezaji ndani ya ukanda wa jasho, na kitambaa kilichofungwa kuizunguka. Bila hivyo ni kofia ya bwana shamba tu, na bado ina bei yake.

Basi za chuma zilifikaje? Njia ya kwanza ni Keya, yaani King's African Rifles (KAR). Vijana wa Tanganyika walipigana Abisinia 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944, na jeshi lao lilikuwa la Mwingereza. Picha nyingi zinawaonyesha na kofia za pama, lakini ya chuma ilikuwa sehemu ya vifaa vyao. Njia ya pili, na hii ni dhana yangu mwenyewe, ni karanga. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulikuwa na mashamba Kongwa, Nachingwea na Urambo, na ulijaa mitambo ya ziada ya jeshi pamoja na wanajeshi waliostaafu. Kofia tatu kati ya zile nzuri zaidi nilizopata zimetoka upande wa Urambo. Sidhani ni bahati tu.

Umbo linasema nusu ya habari

Iweke juu ya meza, sawa na macho yako, itazame kwa ubavu.

Ikiwa kama sahani ya kunawia iliyogeuzwa, yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, ni ya Kiingereza. Mbunifu wake aliitwa John Brodie, hati yake ni ya 1915. Hii ndiyo utakayoiona zaidi Tabora, na karibu kila mara ni toleo la pili, Mk II, lililoanza 1938. Ikiwa imeinama kama gamba la kobe, ni Mk III au Mk IV, za 1944 na kuendelea. Kuzitofautisha, tazama ribiti za mkanda wa kidevu: kwenye Mk III ziko juu, kwenye Mk IV zimeshushwa karibu na ukingo, na bitana yake hutoka kwa kubanduliwa kifungo kimoja.

Ikiwa ya mviringo mzito, ina kijukingo kidogo mbele na ndani yake kuna kofia nyingine nyepesi inayochomoka, ni M1 ya Marekani, iliyopitishwa 1941, au nakala yake ya Ulaya. Wabelgiji walitengeneza ya kwao baada ya vita, na kwa kuwa walikuwa Congo, Kigoma hii si ajabu kuiona. Yenye mfano wa upanga wa jogoo juu ni ya Kifaransa, mtindo wa Adrian wa 1915. Ikiwa na kichwa cha simba mbele ni ya Mbelgiji. Hiyo sijawahi kuishika, ukiipata nitafute. Ya Kirusi SSh-40 huijua kwa ribiti sita zilizozunguka chini. Ya Kijerumani nimeshaieleza, na nakushauri uwe na shaka nayo kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoghushiwa zaidi duniani.

Sumaku, kidole, tochi

Vifaa vyangu vyote vinaingia mfukoni: sumaku ya spika iliyokufa, tochi ya simu, futi ya fundi cherehani, kitambaa laini.

Sumaku kwanza. Gamba la Mk II lilifinyangwa kwa chuma chenye manganizi nyingi, alichokivumbua Hadfield wa Sheffield, na chuma hicho hakishiki sumaku, au hushika kwa uvivu sana. M1 ya wakati wa vita nayo ni hivyo hivyo. Sumaku ikiruka na kung'ang'ania gamba la sahani, huenda ni kofia ya raia wa Uingereza, wale walinzi wa mabomu ya angani, waliopewa chuma hafifu, au ni nakala ya maonyesho. Ya Kijerumani hushika, na ndivyo inavyotakiwa.

Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wote. Mk II ina pindo: ukanda mwembamba wa chuma umekunjwa kuuzunguka ukingo, na utauhisi unapoungana. Ukingo mkali bila pindo kwenye kofia ya sahani ni dalili ya toleo la mwanzo kabisa la 1915, au ya mtu aliyeling'oa. Kovu la kung'oa huonekana: mkwaruzo mpya chini ya rangi ya zamani.

Tafuta tundu ndogo kwenye ukingo. Uingereza ilitoboa kofia ambazo hazikufaulu jaribio la risasi, zikapelekwa kwa raia. Lakini Afrika Kusini nayo ilitengeneza Mk II zenye tundu tatu upande wa nyuma, na hizo ni za jeshi kamili. Usihukumu kwa tundu peke yake. Angalia bitana: ya Afrika Kusini mara nyingi ina mhuri wa JAGER RAND.

Kwa M1, tazama mshono wa pindo. Ukiwa mbele, gamba ni la kabla ya mwisho wa 1944. Ukiwa nyuma, ni la baada ya hapo. Na vipete vya mkanda: vilivyoganda ni vya mwanzo, vinavyochezacheza ni kuanzia 1943. Mshono wa mbele na vipete vilivyoganda ni bei nyingine kabisa.

Mhuri

Mwaka juzi kijana mmoja alikuja na treni kutoka Urambo, kofia iko ndani ya mfuko wa sandarusi. "Shikamoo, mzee. Babu kasema ya Mjerumani." Nikacheka kimoyomoyo. Umbo lilikuwa la sahani. Sumaku ikateleza. Nikaigeuza, nikadondosha matone mawili ya maji ya sabuni chini ya ukingo karibu na kibanio cha mkanda, nikachua kwa kidole polepole, si kwa brashi. Kisha nikazima taa ya dukani na kuilaza tochi ubavuni, karibu igusane na chuma, ili kila kibonyeo kitupe kivuli. Herufi zikaanza kuinuka moja moja: J, S, S. Pembeni yake, hafifu, 1941.

JSS ni Joseph Sankey & Sons. Nyingine utakazozikuta ni BMB, Briggs Motor Bodies waliokuwa wakitengeneza mabodi ya magari, RO & Co., Rubery Owen, na HBH, Harrison Brothers & Howson wa Sheffield, ambao kazi yao ya asili ilikuwa visu na vijiko. Kijana alishangaa kusikia kofia ya vita imetoka kwa watu wa vijiko. Vita hufanya hivyo.

Andika kila mwaka unaouona, mahali pake. Gamba lina wake, kibanio cha mkanda kinaweza kuwa na wake, bitana ina wake pamoja na saizi ya kichwa. Vikipishana kwa mwaka mmoja, sawa, viwandani vipuri hukaa stoo. Gamba la 1939 na bitana ya 1952 maana yake kofia imefumuliwa na kutengenezwa upya jeshini. Si kasoro, ila mnunuzi aambiwe.

Ya Kijerumani mhuri uko ndani ubavuni, herufi na saizi pamoja, mfano Q64 kwa Quist au ET64 kwa Thale, na namba nyingine nyuma ya shingo. M1 ina namba ndani ya kijukingo cha mbele. Ikiwa na S, ni ya kiwanda cha Schlueter, bila S ni McCord. Mhuri ukisomeka vizuri mno, herufi zote kali kana kwamba zimegongwa juzi huku kofia nzima imeoza, weka pesa mfukoni.

Rangi, kutu na tundu la risasi

Rangi ya asili ndiyo thamani. Mk II nyingi zilipakwa rangi ya kukwaruza, iliyochanganywa na mchanga au unga wa mbao ili isimeremete juani. Ukikuta tabaka mbili tatu, kijani chini, mchanga juu, usichokonoe. Huo mpangilio ndio unaosema kofia ilikwenda wapi.

Rangi mpya huikamata kwa harufu, na kwa kutazama ilipoingia: kama imejaza mikwaruzo na kupita juu ya kutu, imepakwa baadaye. Jirani yangu fundi wa baiskeli hupaka kila kinachopita mbele yake kijani cha Phoenix, na kofia mbili zimeharibikia kwake kwa nia njema.

Kutu ya juujuu ya rangi ya kahawia si tatizo. Kutu yenye mashimo inayomeguka kwa ukucha inaua bei kwa nusu au zaidi.

Tundu la risasi wauzaji hulipenda. Risasi ya kweli hukunja chuma kuelekea ndani, na rangi iliyolizunguka huwa imepasuka kwa michirizi. Tundu la duara safi, lenye kingo laini pande zote mbili, ni la dirili, au la bibi aliyetaka maua yake yachuje maji. Tundu la bibi lina heshima yake, ila halina bei.

Sasa hadithi

Hapa ndipo unapovuta kigoda. Msalimie mwenye mali kwa adabu, mwangaluka kama ni mzee wa Kinyamwezi, umwache aseme. Usimkatize kumwambia si ya Mjerumani. Unachotafuta ni karatasi na vitu vinavyothibitisha: cheti cha kuachishwa jeshini, medali, picha ya babu amevaa, barua. Jina au namba ya askari iliyoandikwa ndani ya bitana, ikilingana na cheti, inaweza kuongeza bei mara mbili. Babu wa yule kijana wa Urambo alikuwa na cheti cha Keya kimekunjwa mara nne ndani ya Kurani, na namba yake ilisomeka pia kwenye mkanda wa kidevu. Alikuwa amepita Burma.

Hesabu ya bei

Bei ya kuombwa mtandaoni ipuuze. Tafuta bei ambazo kofia za aina hiyo hiyo, mwaka ule ule, hali ile ile, zimeuzwa na kulipiwa. Chukua tano, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, pata wastani wa tatu zilizobaki.

Kisha punguza. Mimi hukata hivi, na ni kipimo changu tu: bitana haipo, theluthi moja. Mkanda wa kidevu haupo, sehemu moja ya kumi. Imepakwa rangi upya, nusu. Imesuguliwa msasa, nusu, na aibu juu yake. Ongeza kwa karatasi za ushahidi, usiongeze kwa maneno matupu.

Mfano: tuseme wastani ni shilingi 180,000. Bitana haipo, toa 60,000. Mkanda haupo, toa 18,000. Zimebaki 102,000. Usafirishaji na makato ya malipo tuseme 40,000. Zimebaki 62,000, na humo ndimo faida yako inapotakiwa kutoka. Ukimpa mwenye mali 40,000 umemtendea haki, na ukimwonyesha karatasi yenye hesabu hiyo hatakuja kesho na shemeji yake kudai umemdhulumu.

Kofia nyingi za hapa zitaishia kwenye elfu chache hizo. Anayekuambia kuna milioni kumi ndani ya kofia ya chuma ni jamaa wa wale wanaouza pesa za zamani zenye zebaki.

Kuisafisha, kuitunza, kuiuza

Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa. Ikauke kivulini siku mbili. Chuma kipake mafuta ya cherehani kidogo sana, ngozi ya bitana usiipake chochote. Mafuta ya taa, ndimu, majivu, waya wa kusugulia masufuria, vyote viache jikoni. Usiihifadhi ndani ya nailoni wakati wa masika, na isikae sakafuni: mchwa hula bitana kwa usiku mmoja na kukuachia karai.

Piga picha nane mchana, nje, pasipo jua kali: pande nne, juu, ndani, mhuri, kasoro. Kasoro iwe picha ya kwanza kumtumia mnunuzi. Andika hati ya mauziano yenye saini za wote wawili na shahidi mmoja. Ukitaka kuitoa nje ya nchi, pitia kwanza Idara ya Mambo ya Kale upate jibu la maandishi, kwa kuwa sheria yetu ya 1964 inasimamia vitu vya kale na usafirishaji wake, na bandarini hakuna atakayesikiliza maelezo yako ya mdomo.

Ile ya Urambo nilimpangia kijana bei kwenye karatasi, nikamwambia ampelekee babu kabla ya kuuza. Wiki iliyofuata alipiga simu. Babu ameisoma, ameikunja pamoja na cheti chake, na ameuliza kama ninaweza kumtafutia bitana ya saizi 7.